Droo ya Tatu na Kijiko Kilicholika Upande

Jumatatu, 7 Oktoba

Chai imechelewa tena. Kichujio hakionekani. Nimekitafuta kwenye ndoo ya vyombo, kwenye beseni, nyuma ya magunia, juu ya dirisha. Baba Eliza amekunywa chai yenye majani, akaenda zake shuleni kufundisha huku anatematema njiani. Angelalamika ningejisikia nafuu.

Nimekiona saa nne. Kilikuwa ndani ya sufuria iliyokuwa ndani ya sufuria nyingine, pamoja na kandambili moja ya Eliza. Eliza yuko Mtwara kikazi, mwaka wa tatu huu.

Jiko langu ni aibu. Nimepika humu miaka ishirini na mbili na bado natafuta kisu kama mgeni.

Jumanne, 8 Oktoba

Bahati. Kanisani wamepata kabati jipya la mavazi ya padri. La zamani lilikuwa nje, linangoja kupasuliwa kuni. Mzee wa kanisa akauliza nani analitaka. Nilinyoosha mkono kabla hajamaliza kuuliza.

Droo nne, pana, mbao nzito. Vishikio vyake vya shaba viling'olewa zamani na hakuna anayejua na nani. Vijana wa kwaya wamelibeba hadi jikoni kwangu, nikawashukuru kwa mihogo na chai. Chai ilichujwa.

Linanuka ubani na panya. Baba Eliza ameliangalia sana, akasema vijiko vyetu havijawahi kulala pahali patakatifu namna hii. Nimecheka mpaka nikakaa chini.

Nimejiwekea sheria: hainunuliwi hata skrubu. Korosho ndiyo kwanza zinaokotwa, hela yake bado iko mbali, na ikija ina bati la nyuma linaloisubiri.

Jumatano, 9 Oktoba

Kusafisha siku nzima. Droo ya kwanza ilikuwa na kiota cha panya, kimejengwa kwa karatasi za nyimbo. Ya pili imegoma kufunguka. Nimeivuta, nimeipiga teke, nimeibembeleza. Baba Eliza akaja na vipande vya mishumaa iliyobaki kanisani, akapaka pembeni inapopita. Ikateleza. Amefurahi kupita kiasi. Kaifungua na kuifunga mara kumi mpaka nikamfukuza.

Nimekata gunia la korosho lililotoboka vipande vinne, nimetandika. Chini ya gunia majani makavu ya mwarobaini. Mende watatafuta pa kwenda.

Alhamisi, 10 Oktoba

Nimetoa kila kitu uani. Mikeka miwili imejaa. Kumbe nina mbuzi tatu za kukunia nazi. Vichujio viwili. Visu saba, sita butu. Mifuniko isiyo na vyombo vyake.

Vijiko nimevisugua vyote kwa majivu na waya wa sufuria. Vingine vilikuwa na uchafu wa miaka shingoni. Kimoja kilikuwa na wekundu fulani, kama kutu, umeng'ang'ania. Nami nikang'ang'ania. Umetoka.

Vyote vinang'aa. Nimejisifu kwa sauti. Waliosikia ni kuku.

Ijumaa, 11 Oktoba

Nimepanga vijiko kwenye mkeka, nikaona haya. Nusu si vyangu.

Mtaani kwetu kukiwa na msiba au harusi, kila nyumba inaleta vyombo vyake, na kila nyumba ina alama yake. Mimi nakata pengo dogo kwa tupa kwenye mkia wa kijiko. Bibi Tekla anafunga uzi mweusi. Mama Siwema anapaka rangi ya bluu iliyobaki kwenye mlango wake. Shughuli ikiisha vyombo vinachanganyika, vinaingia nyumba zisizo zao, na hakuna anayeuliza. Nani aende kwa mfiwa kudai kijiko? Basi vinakaa. Kwangu vimekaa sana.

Nimezunguka mtaa mzima na kikapu. Uzi wa Bibi Tekla umestahimili majivu yangu. Rangi ya bluu imefifia lakini ipo. Bibi Tekla nimempa shikamoo, akaitika, akapokea vijiko vyake vitano na kuvihesabu mara mbili. Akasema miaka yote hii alikuwa anamshuku shemeji yake, marehemu. Sasa itabidi amwombee.

Mama Hawa sikumkuta. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, na mtu wangu wa karibu kuliko wote. Yuko kwao Chilangala, kule Newala, binti yake Hawa anakaribia kujifungua. Mlango wake ukiwa na kufuli mtaa unakuwa bubu. Namkosa.

Kimebaki kijiko kimoja. Kizee, kizito, kimelika upande mmoja, hakina alama. Nimekionyesha kila mlango. Hakuna aliyekidai.

Jumamosi, 12 Oktoba

Siku nzuri kuliko zote. Mdogo wangu ameleta mianzi kutoka Chiwata, kaifunga kwenye baiskeli. Tumeipasua na kukata vipande, navyo vimekuwa kuta ndani ya droo. Droo ya kwanza: visu, vichujio, upawa, miko. Ya pili: vitambaa, viberiti, mishumaa. Ya tatu: vijiko na uma. Ya nne: mifuniko na vile vitu visivyo na jina ambavyo huwezi kutupa. Makopo ya siagi yamekuwa vibanda vya bizari na hiliki.

Vishikio vilinisumbua. Nikapata wazo nikiwa naosha miguu. Uma wangu uliopinda, droo ya kwanza. Kipande cha mkanda wa Baba Eliza, ya pili. Kitasa cha mlango wa zamani, ya nne. Na ya tatu, ya vijiko, kile kijiko kisicho na mwenyewe.

Nimempelekea seremala, fundi Bakari. Akakikunja taratibu kama upinde, akakitoboa tundu mbili kwa keekee, moja kichwani mwa kijiko na moja mkiani. Skrubu kanipa za kuokota, malipo ni bakuli la kunde. Kimekaa vizuri ajabu. Ukikishika, kidole gumba kinaingia pale kilipolika.

Jumapili, 13 Oktoba

Baada ya ibada akina mama wamekuja kuona. Kumi na mmoja. Wamefungua, wamefunga. Mama Siwema amekisifu kishikio cha droo ya tatu, akasema naye ataenda kupinda chake. Nilijidai nimechoka na sifa. Sikuchoka hata kidogo.

Baba Eliza amepata kichujio mwenyewe, bila kuniuliza. Ndoa imeingia ukurasa mpya.

Jumanne, 15 Oktoba

Mama Hawa amerudi. Hawa amejifungua mtoto wa kike, wote wazima. Nimepiga vigelegele uani kwake mpaka majirani wakatoka.

Kisha akanikalisha. Anahama. Nyumba ya marehemu mama yake kule Chilangala haina mtu, korosho zake zinaokotwa na wapita njia, na Hawa yuko peke yake na mtoto mchanga. Anaondoka Jumatatu. Nyumba hii alikuwa amepanga tu, kasema, kana kwamba hilo ni jambo la kunituliza.

Nimesema ni vizuri. Nimerudi nyumbani, nimeingia jikoni, nimelia kwa hasira. Miaka kumi na minane ukuta kwa ukuta. Hata kuona droo zangu hajaona.

Jumatano, 16 Oktoba

Leo nimeanza kuandika kabla hata ya kupika.

Nimekwenda kumsaidia kufunga mizigo. Tulikuwa tunafunga vikombe kwenye kanga, utani kama kawaida, ananiambia nitapata jirani mpya asiyejua kupika na hapo ndipo nitakapomkumbuka. Halafu akaweka kikombe chini. Akasema kila kitu kinaondoka naye ila kitu kimoja. Kijiko cha mama yake.

Nikauliza kijiko gani. Najuta kuuliza.

Mama yake alikuwa shoto. Kula alikula kwa mkono wa kulia kama watu wote, lakini kukwangua ukoko ni kushoto, na ukoko aliukwangua kila siku ya maisha yake kwa kijiko kile kile. Kikalika upande ambao vijiko vya watu wengine havilikii. Mama Hawa akiwa mdogo ndicho alicholishwa nacho uji. Kilipotea siku ya hitma ya marehemu, hapa hapa mtaani. Hakuuliza mtu. Angeulizaje?

Nikauliza kama kilikuwa na alama. Akasema hicho peke yake, tofauti na alama ya vyombo vyake vingine, alikuwa amekipaka rangi ya kucha shingoni. Nyekundu.

Siku ya hitma ile mkuu wa kuosha vyombo nilikuwa mimi.

Nikasema kichwa kinaniuma, nikatoka. Kiliniuma kweli.

Nimekilinganisha na kijiko changu cha ukoko. Changu kimelika upande wa kushoto. Kile cha kwenye droo, upande wa kulia. Sina pa kujificha. Kutu gani ile inayokaa shingoni tu, tena nyekundu ya kung'aa? Ningeangalia kwanza, ndipo nisugue. Mtoto wa miaka saba mtaa huu anajua kwamba unasoma alama kabla ya kuosha.

Alhamisi, 17 Oktoba

Nimekwenda kwa fundi Bakari kabla hajafungua. Nimemuuliza kama kijiko kinaweza kunyooshwa na matundu kuzibwa. Akasema kukinyoosha kitakatika shingo, chuma kimechoka. Matundu labda azibe kwa risasi ya kuyeyusha, lakini mtu asile nacho uji. Akaniuliza kwani cha nani. Nikasema cha mtu.

Nimefunika kabati lote kwa kanga. Mchana Mama Hawa akapita, anataka kuona hizo droo zinazosemwa mtaa mzima. Nikamwambia bado rangi haijakauka. Rangi ipi? Kabati halina rangi. Akaniangalia, akasema sawa, akaondoka.

Nimemdanganya mtu ambaye hajawahi kunifungia mlango. Sijipendi leo.

Ijumaa, 18 Oktoba

Nimemwambia Baba Eliza. Kacheka. Kisha akaona uso wangu, akaacha. Ushauri wake ni kwamba nikae kimya: Mama Hawa anajua kijiko kimepotea, ameshazoea, aondoke salama. Nimelifikiria hilo nikichambua mchele. Nimeurudia mchele mara mbili.

Nikinyamaza, kila nikifungua droo nitakuwa nimemshika mama wa mtu mkono bila ruhusa. Siwezi. Na nikikitoa na kukificha, nitakuwa mwizi kweli. Mpaka hapa mimi ni mzembe tu.

Kesho.

Jumamosi, 19 Oktoba

Nimekwenda asubuhi, nimemshika Mama Hawa mkono, nimemleta jikoni. Sikujua nianzie wapi. Nikavuta kanga.

Akaangalia uma, akatabasamu. Akaangalia mkanda wa Baba Eliza, akaanza kucheka. Akafika droo ya tatu. Akapeleka mkono kuivuta, kidole gumba kikaingia pale kilipolika, akasimama hivyo hivyo.

Nikasema yote. Hitma, beseni, majivu, wekundu, fundi. Niliongea haraka, bila mpangilio, na nusu nzima nililiambia gunia sakafuni.

Akasema jambo moja tu. "Umemtoboa mama."

Akaondoka. Hakufunga mlango kwa nguvu. Afadhali angeufunga kwa nguvu.

Sijapika. Baba Eliza amekula mihogo ya jana. Saa tisa nikasikia Mama Hawa anafunga mizigo ng'ambo ya ukuta. Kwa kawaida tungekuwa tunapiga kelele ukutani. Nimekaa kwenye kigoda mbele ya kabati na bisibisi mkononi, nikiwaza nikifungue nimpelekee. Kisha nikawaza nikimpelekea kijiko kilichopindwa na matundu mawili atakifanyia nini.

Jumapili, 20 Oktoba

Kanisani sikusikia hata somo. Nimerudi, nikamkuta Mama Hawa ameketi mlangoni kwangu. Shikamoo ya utani hakunidai, ingawa ananizidi mwezi mmoja tu na kila Jumapili huidai.

Akasema hakulala vizuri. Akasema alikasirika, tena sana, akanitukana moyoni kwa Kiyao na kwa Kiswahili, na matusi yalipokwisha akakumbuka jambo. Mama yake hakuwahi kukaa na kitu kisichofanya kazi. Sufuria likitoboka lilipandwa kitunguu. Kanga ikichanika ilikuwa nepi. Kijiko kingempitia mikononi miaka mingine miwili, kingekatika, naye angekifanya kitu kingine. Mama angekiona pale kwenye droo angesema aliyekifikiria ana akili, kisha angeuliza ni nani aliyempa ruhusa.

Nikasema hakuna aliyenipa. Akasema anajua.

Nikaenda kuchukua bisibisi. Akanizuia. Kijiko chenye matundu kinamwaga uji, kasema, akifanyie nini? Kazi yake sasa ni droo. Akivute kutoka kwenye droo kitakuwa hakina kazi tena, na mama hapendi.

Nikafikiri ananiachia. Nikaanza kushukuru.

"Ngoja kushukuru," akasema. "Nakwenda na droo."

Nilidhani utani. Hakuwa anatania. Droo nzima, na kuta zake za mianzi, na gunia lake, na mwarobaini wake. Nimeitazama droo yangu. Ndiyo iliyotoka vizuri kuliko zote. Mianzi yake niliikata mara tatu mpaka ikakaa sawa. Moyo uliniuma kwa ajili ya mbao, naandika bila kuficha.

Nikaivuta mpaka mwisho, ikatoka. Nikamwaga vijiko vyangu kwenye beseni. Nikampa.

Akaanza kucheka yeye kwanza. Alicheka akiwa ameikumbatia, mimi nikafuata, Baba Eliza akatokea mlangoni akatukuta tunalia na kucheka pamoja, akarudi alikotoka. Mwanamume mwenye busara.

Kisha akanidai shikamoo yake. Nimempa.

Jumatatu, 21 Oktoba

Gari ya mizigo ilikuja saa moja. Godoro, vyombo, mbuzi wawili wa kufuga, mashine ya kushonea. Droo hakuipakia nyuma. Aliiweka mapajani, mbele, kando ya dereva. Dereva akauliza kama ndani yake mna kitu cha thamani. Akamwambia ni mama yake.

Kabla ya kupanda alinipa kichupa cha rangi ya kucha, nyekundu, kimebaki robo. Kasema nitakihitaji, kwa kuwa macho yangu yameanza kuona kutu pasipo na kutu.

Nimepunga mkono mpaka gari imekata kona ya barabara ya Newala. Halafu nimerudi ndani. Kabati lina pengo katikati, kama mtu aliyeng'olewa jino la mbele na bado anacheka.

Ijumaa, 25 Oktoba

Vijiko viko kwenye kopo la siagi. Ni vichache sasa kwa kuwa vya watu vimerudi kwao, na kopo linatosha. Ningejua hivyo mwanzoni nisingehangaika na mianzi.

Mama Siwema ameuliza droo imekwenda wapi. Nimesema imehamia Chilangala. Akasubiri nieleze. Sikueleza.

Baba Eliza amejitolea kutengeneza droo nyingine kwa mbao za sanduku. Nimekataa. Akasema basi afunike pengo kwa ubao. Nimekataa pia. Hajauliza sababu, na ningeulizwa nisingekuwa nayo iliyo nzuri.

Jumatano, 6 Novemba

Mvua ya kwanza imenyesha alfajiri, kidogo tu, ya kulaza vumbi.

Hawa amenitumia picha kwenye simu. Baraza ya nyumba ya bibi yake, korosho zimeanikwa kwenye mkeka, na kando ya mkeka ile droo. Wameitandika kanga juu ya gunia langu. Mianzi wameitoa. Ndani yake mtoto amelala, mikono juu. Hawa ameandika kwamba mchana mtoto hataki kulala kwingine kokote, na kwamba Mama Hawa humvuta taratibu kutoka juani kwenda kivulini kwa kile kijiko, bila kumwamsha.

Nimeiangalia picha sana. Mkono wa Mama Hawa unaonekana pembeni, umeshika kishikio. Ni mkono wa kushoto. Sikuwahi kujua, miaka yote kumi na minane.

Asubuhi, kwa mazoea, nilipeleka mkono kwenye droo ya tatu. Ukaingia penye pengo mpaka kiwikoni, nikautoa. Kichujio kilikuwa mahali pake. Chai ilikuwa tayari saa kumi na mbili na nusu, na Baba Eliza aliinywa yote.